Kovu la Mistari Mitatu

Ukitaka siri yako iufikie mji mzima kabla ya saa sita mchana, usihangaike na redio. Mwambie Shangazi. Na habari za moyo wake mwenyewe hakuona sababu yoyote ya kuzibania. Tangu apewe tarehe ya kuchomwa, hospitali nzima ilikwishapata taarifa: mlinzi wa getini, wafagiaji, wauguzi wa zamu zote, hata yule bwana aliyekuja tu kurekebisha lifti akaenda zake.

"Nachomwa moyo Jumanne," aliwaambia, utadhani anaalika watu harusini. "Na atakayeonyesha pa kuchoma ni mtoto wa kaka yangu. Anao moyo wangu kwenye kompyuta, mzima mzima, unadunda!"

Mtoto huyo wa kaka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, na wenzake kazini walimwita Ramani. Jina lilimkaa. Moyo wa mtu ni msitu, walisema wahenga, na yeye alilipwa kuuchorea njia. Mgonjwa akishapigwa picha kwenye ile mashine kubwa ya sumaku kule chini, picha hupanda mpaka ghorofa ya tatu, kwenye chumba kinachotazamana na stoo ya mashuka, chenye kompyuta nne na feni moja inayolalamika. Humo Ramani huufuma moyo upya kwenye skrini, pembetatu ndogo ndogo laki tatu, kisha akautia umeme wa kubuni aone unapita wapi. Kwenye moyo wenye afya umeme hupita mara moja na kutoka, kama mgeni mwenye adabu. Kwenye moyo wenye kovu umeme hukwama, ukalizunguka kovu, ukalizunguka tena, na mapigo yakaanza kwenda mbio bila mpango. Basi Ramani huuchoma kwanza ule wa kompyuta: hapa, pale, mara ishirini, mara mia, huku mwenye moyo yuko kwake anakunywa chai. Mahali ambapo mzunguko unakatika hupawekea alama nyekundu. Alama hiyo hupelekwa kwa daktari, naye ndiye anayepitisha mrija mwembamba kutoka kinenani mpaka moyoni na kuchoma kweli, kidoa kisichozidi punje ya mahindi.

Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Lakini kwa miaka mitatu daktari mwenyewe alikuwa hataki kusikia. Walimpachika jina la Tomaso, kwa sababu haamini mpaka atie kidole. Ramani akimpelekea ramani, Tomaso husema, "Nzuri sana, iweke hapo," halafu huigeuza pa kuwekea kikombe chake cha chai. Akiingia kazini hupapasa moyo wa mgonjwa kwa mrija wake saa nne, saa tano, mpaka aupate mwenyewe ule mzunguko. Anaupata, hakuna anayebisha. Ila mgonjwa anatoka amechoka na daktari anatoka hawezi kunyoosha mgongo.

Wiki tatu kabla ya siku tunayoizungumzia, mzee mzima akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, anahema. Kumbe alikuwa amekaa kimya kimya akalinganisha. Kati ya ramani zote kumi na sita alizowahi kuzidharau, kumi na nne zilikuwa zimeonyesha mahali pale pale alipokuja kuchoma yeye.

"Na hizo mbili?" Ramani aliuliza.

"Hizo mbili hatukuelewana."

"Basi ulichoma vibaya wewe," akasema Ramani kwa utani, na Tomaso akacheka, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea ghorofa ya tatu.

"Wa kumi na saba nitakufuata," akasema. "Uniambie pa kuchoma, nami nitachoma hapo hapo. Sipapasi."

Wa kumi na saba ndiye Shangazi.

Sasa huyu Shangazi alikuwa mwalimu wa udereva, miaka ishirini na sita kwenye kiti cha abiria chenye breki yake ya ziada miguuni. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki. Ni yeye aliyemlea Ramani tangu ana miaka sita, akamsomesha kwa kufundisha watu kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Miaka miwili iliyopita, katikati ya njia panda, moyo wake ukaanza mbio, macho yakaingia giza, na mwanafunzi aliyekuwa kwenye somo lake la tatu akaliingiza gari pembeni peke yake, akalizima, akaita msaada. "Yule ingekuwa juu yangu angepewa leseni siku ile ile," husema Shangazi. Daktari aligundua kovu lililoachwa na maradhi ya zamani. Vidonge vilimchosha bila kumtibu, na gari akakatazwa kabisa. Mwanamke asiyejua kukaa akakalishwa.

Jumatatu asubuhi Ramani alikuwa mezani anaandaa ramani ya kumwonyesha Tomaso saa tisa alasiri. Kovu lilikuwa kwenye ukuta wa katikati ya moyo, na alama nyekundu ilikaa pembeni kabisa ya waya mkuu, ule unaopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Mahali pabaya hapo. Mkono ukiteleza ukaunguza waya mkuu, mgonjwa ataishi na betri ya kuendesha mapigo kifuani maisha yake yote. Ramani alikuwa amejiambia kwamba Tomaso hatelezi. Kompyuta imesema, na kompyuta haina shangazi.

Akauzungusha moyo kwenye skrini ili apate pembe nzuri ya picha. Akasimama.

Kovu lilikuwa na mistari. Mitatu, iliyolala sambamba, na nafasi kati ya wa kwanza na wa pili ni sawasawa na kati ya wa pili na wa tatu. Akapima. Sawasawa kabisa. Ramani alikuwa ameshaona makovu ya kila namna, yenye umbo la ramani ya kisiwa, yenye umbo la kiazi, lakini hakuna kovu linalopiga rula.

Hapa inabidi nieleze uzembe wa ghorofa ya tatu, maana ulikuwa wao na hakuna mwingine angeufanya. Picha zikitoka kwenye mashine ya sumaku huwa na chenga chenga, kwa hiyo walitengeneza programu ya kuzisafisha, wakaiita Sabuni. Sabuni ilikuwa inasafisha vizuri mno. Miezi ikapita, mwaka ukapita, ikawa hakuna tena anayefungua picha kabla hazijaoshwa. Nani anaangalia nguo chafu wakati safi zimekunjwa kitandani? Ramani akaitafuta picha ya kwanza ya Shangazi, ile ambayo haijaguswa, akaifungua.

Mungu wangu! Picha ilikuwa imetikisika kama iliyopigwa na mtu anayekimbia. Kivuli cha kifua kilikuwa kimejirudia mara tatu juu ya moyo, na Sabuni, kwa bidii zake, ilikuwa imeking'arisha kile kivuli mpaka kikafanana na kovu. Akampigia simu fundi wa picha.

"Yule mama?" fundi wa picha akaanza kucheka hata kabla Ramani hajamaliza swali. "Dada, yule nilishindwa. Kila picha inataka ashike pumzi sekunde kumi na tano. Namwambia, mama shika pumzi. Anashika mpaka nne, ya tano anauliza, mpaka lini? Halafu akanisimulia habari za mwanafunzi mmoja aliyeingiza gari kwenye saluni. Nilicheka mpaka nikasahau kurudia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si mna Sabuni?" akasema fundi wa picha.

Alikata simu, akabaki ameshika kichwa. Na wewe unayesoma usijifanye malaika, maana hata wewe ungefikiria alichofikiria. Miaka mitatu ya kikombe cha chai juu ya kazi yake. Leo ndiyo kwanza Tomaso amekubali, na leo hiyo hiyo aende kumwambia, samahani, ile ramani ni takataka? Hatampa nafasi ya pili. Akikaa kimya, Tomaso atachoma, moyo hautatulia, na watu watasema mioyo ndivyo ilivyo. Ila pale anapochoma ni kando ya waya mkuu, na anayechomwa ni mtu aliyekuwa akimkagua masikio kila asubuhi kabla ya shule. Wazo lilimtoka mara moja. Lililobaki likamchoma zaidi: kwamba kama moyo ule ungekuwa wa mtu baki, pengine angelikalia wazo lile kwa muda mrefu zaidi. Aliona haya, peke yake chumbani, mpaka masikio yakapata moto.

Ndipo alipozikumbuka zile mbili ambazo hawakuelewana na daktari. Akazifungua picha zake chafu. Moja ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na mistari.

Mficha uchi hazai. Akapiga moyo konde, akashuka ngazi.

Tomaso alikuwa ofisini kwake, viatu kavua, anakunywa chai. Ramani alimwambia yote akiwa amesimama, bila kuvuta pumzi: kovu si kovu, alama nyekundu si ya kufuatwa, Sabuni, kivuli, na ile ya zamani aliyomtania kwamba alichoma vibaya. "Hukuchoma vibaya," akamaliza. "Nilichora vibaya mimi."

Tomaso akaweka kikombe chini, safari hii mezani.

"Miaka mitatu unaniletea ramani," akasema, "na hujawahi kukubali kwamba kuna iliyokosea. Mke wangu naye hajawahi kukosea, na simfuati kila mahali." Akavaa kiatu kimoja. "Picha zikirudiwa leo, unaweza kunipa ramani nyingine kabla ya kesho asubuhi?"

"Naweza."

"Na picha zitakuwa nzuri?"

"Nitaziangalia kwa macho yangu. Kabla ya Sabuni."

"Basi kamnyamazishe shangazi yako," akasema Tomaso, akaanza kutafuta kiatu cha pili. "Hiyo ndiyo kazi ngumu, mimi siiwezi."

Shangazi alikuwa wodini, kitandani kwake, anamfundisha muuguzi mmoja jinsi ya kuegesha gari sambamba kwa kutumia vikombe viwili na sahani ya dawa. Ramani akamwomba muuguzi awapishe. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema.

"Shangazi, ramani yako nimeikosea. Nilikaribia kumwambia daktari akuchome mahali pazima. Ungeamka na betri kifuani, na ugonjwa wako uko pale pale."

Alitegemea kelele. Shangazi akaisogeza kando ile sahani na vikombe.

"Umegundua mwenyewe au umegunduliwa?"

"Nimegundua mwenyewe."

"Na umesimama?"

"Nimesimama."

"Basi unalia nini? Nimekaa na wanafunzi mimi mpaka nimesahau idadi. Wote wanakosea. Anayenitisha ni yule anayejua amekosea na bado anakanyaga mafuta." Akamfuta uso kwa ncha ya shuka, kwa nguvu, kama mtoto wa miaka sita. "Haya, tufanyeje?"

"Picha zirudiwe. Na safari hii, Shangazi, naomba, usiongee. Sekunde kumi na tano tu. Kuna mara kumi na mbili."

Shangazi akaangalia mlangoni kama kuna mtu. Sauti aliyoitoa ilikuwa ngeni kwa Ramani.

"Siwezi, mwanangu."

"Unaweza. Kumi na tano tu."

"Husikii ninachokwambia. Siwezi. Mle ndani mashine inagonga nje, na moyo wenyewe unagonga huku ndani. Nikishika pumzi nausikia. Unakwenda, unajikwaa, unakimbia, halafu unasita. Unaposita nangoja. Nangoja, sijui kama utarudi." Alikuwa ameushika mkono wa Ramani kwa vidole vyote. "Miaka miwili sijakaa kimya hata nikiwa peke yangu chooni. Nikiongea siusikii. Mnanicheka, nami nawaacha mcheke. Naogopa, mwanangu. Mimi Mwalimu Breki, naogopa kunyamaza."

Ramani aliulea moyo ule kwenye kompyuta wiki tatu. Aliujua unene wa kuta zake kwa milimita. Hilo hakuwa amelijua, na alikuwa anaishi na mwenye moyo nyumba moja. Akamkumbatia, wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipochungulia kuulizia vikombe vyake.

Saa nane mchana walikuwa kwenye chumba cha sumaku. Mle haingii chuma, kwa hiyo Ramani alivua saa, hereni, mkanda na pini za nywele kumi na tisa, nywele zikasimama kila upande. Shangazi akalazwa, akasukumwa ndani ya lile tundu, kichwa, mabega, tumbo, mpaka ikabaki miguu peke yake nje. Ramani akaushika wa kulia.

"Shangazi! Nikiubana mguu, umekanyaga breki. Pumzi imesimama, kila kitu kimesimama. Nikiuachia, achia na wewe. Gari ni langu, hesabu ni zangu. Kazi yako ni breki tu."

"Usinifundishe breki!" sauti ikatoka tunduni.

Mashine ikaanza kugonga. Ramani akaubana mguu na yeye mwenyewe akashika pumzi, ili ajue uzito wake. Tano. Kumi. Kwenye kumi na moja mguu ulianza kutetemeka, akaubana zaidi. Kumi na tano, akauachia, na kutoka ndani kikasikika kishindo cha pumzi na maneno matatu ambayo mwalimu wa udereva hutumia barabarani na hayaandikwi. Wakarudia. Mara kumi na mbili, bila hata picha moja ya kutupa. Alipotolewa, kanzu ilikuwa imelowa jasho na mguu una alama za vidole.

"Mguu wangu umeuvunja," Shangazi akasema. Fundi wa picha alikuwa anaziangalia picha kwenye skrini, akasema kwa upole kwamba kwa miaka yake yote hajawahi kupiga picha za moyo zikatulia namna ile.

Ramani alizitazama zote kwa macho yake, moja moja, kabla ya kuziosha. Jumanne asubuhi ramani mpya ilikuwa mezani kwa Tomaso. Mistari mitatu haikuwepo. Kulikuwa na kovu moja dogo, la hovyo hovyo, chini kwenye ukuta wa nje, mbali na waya mkuu kama mtu aliyehama mtaa.

Wakati wa kuchoma, Ramani alisimama nyuma ya kioo, kwenye chumba cha skrini. Shangazi alikuwa amepewa dawa ya kumlegeza, siyo ya kumlaza, kwa hiyo alikuwa macho na aliendelea kumweleza muuguzi habari za mzunguko wa barabara na nani mwenye haki ya kupita. Mrija ukaingia. Tomaso, kwa kuwa ni Tomaso, akaupeleka kwanza pale pa ramani ya zamani, kwenye ukuta wa katikati, akagusa. Umeme ukaonekana kwenye skrini, mrefu na mzuri, wa nyama yenye afya tele.

"Pazima," sauti yake ikaja kwenye spika. "Ramani, unaona? Hapa ndipo tungechoma."

"Naona, Daktari," akajibu.

Mrija ukashuka kwenye ukuta wa nje. Umeme ukawa mdogo, umekatika katika. Tomaso hakupapasa. Akauchokoza moyo ili uanze mbio zake, nao haukuhitaji kuombwa mara mbili. Mistari kwenye skrini ikajazana. Shangazi akakatiza habari zake za barabara.

"Huo! Ndio huo wenyewe! Jamani, huo ndio!" Kisha akaongea haraka haraka, chochote, majina ya mitaa, namba za magari, na Ramani nyuma ya kioo akajua sasa kwa nini.

"Nachoma," akasema Tomaso.

Moja. Mbili. Tatu. Ramani alijikuta ameshika pumzi. Nne. Tano. Kwenye sita mistari ikasita, na badala ya mbio pakawa na nafasi. Pigo moja. Nafasi. Pigo. Nafasi ile ile. Tomaso aliendelea kuchoma mpaka muda wake ukatimia, halafu akauchokoza moyo tena, na tena, kwa nguvu zaidi. Haukutaka ugomvi. Pigo. Nafasi. Pigo.

Shangazi alikuwa ameacha kuongea katikati ya namba ya gari. Macho yake yalikuwa yanatafuta kitu darini.

"Daktari," akaita, kwa sauti ndogo. "Mbona kimya humu? Nimekufa?"

"Hapana, mama," akasema Tomaso. "Hivyo ndivyo moyo mzima unavyokuwa."

Muuguzi akaanza kucheka, aliyempa dawa ya kumlegeza akacheka, na Ramani akabonyeza kitufe cha spika ili aseme neno, machozi yakamtangulia.

"Nyamazeni wote," akasema Shangazi. "Na wewe huko nyuma ya kioo, nyamaza. Nausikiliza."

Wakanyamaza. Ramani akakiachia kitufe.